Wa Kwanza Kwenye Orodha

Saa nane za usiku, Langoni, mimi nimelala,
na kompyuta ya chumba cha rekodi,
ile ambayo chumvi imekula kibodi mpaka herufi P haisomeki,
inaamka bila kuamshwa.

Kwanza huinuka Ganda.
Hana maneno mengi. Amri tu, kama mpagazi wa gatini:
chukua, funga, peleka, futa.
Anapita Faza, Siyu, Mokowe, Witu,
anazoa rekodi za kliniki zilizoandikwa mchana kwenye simu
na wauguzi wenye haraka,
kisha anabisha kwa Chatu.

Chatu ni nadhifu. Mstari ukisogea hatua moja, anagoma.
Ndiye anayejua kwamba Mwanatumu wa Faza
na Mwana Tumu wa Siyu
ni kitoto kimoja kilichohama na mama yake;
na kwamba muuguzi akiandika chanjo saa tatu
hakuchoma sindano watu wamelala.
Hiyo ni saa yetu. Ongeza sita.

Anamkabidhi Ari, ambaye jina lake ndiyo tabia yake:
anahesabu siku za kila mtoto,
nani katimiza wiki sita, nani miezi tisa,
nani kachelewa, na kuchelewa huko kuogopwe kiasi gani.
Mwisho yuko Sikweli, mtunza hazina.
Jina ni utani. Hasemi uongo hata umlipe.
Alfajiri simu zinalia ndani ya leso:
Mlete mtoto.

Daktari aliniuliza, kwa nini lugha nne? Huna moja inayotosha?
Nikamwambia, nyumbani kwetu bibi husema ndoo,
mwalimu husema njoo,
na mtoto huja.
Mgeni tu ndiye anayeanza kutafuta maji.
Tulicheka. Nilijiona mjuzi.

Kasoro ya kwanza ilitoka Mpeketoni, mtoto Wang'ombe.
Kile kialama kidogo juu ya ng'
Sikweli alikiona akadhani maneno yamekwisha,
akafunga kitabu, akawakataa wote waliomfuata.
Hiyo ilipiga kelele. Niliimaliza kabla ya chai.

Ya pili haikupiga kelele.

Bi Mwanaharusi alisimama mlangoni,
Adhiya mgongoni, miezi kumi na moja,
sketi bado ina maji ya boti.
"Wenzangu wote huitwa. Mimi nimekosa nini?"

Nilitafuta jina. Kwa Ganda lipo.
Kwa Chatu lipo, la kwanza kabisa, namba sifuri.
Kwa Ari, halipo.

Chatu huanza kuhesabu kwenye sifuri.
Ari huanza kwenye moja.
Na mimi niliyewakutanisha,
mimi niliyeandika ule mstari mmoja wa makabidhiano,
sikumwuliza yeyote.
Ari akapokea orodha, akaita moja, mbili, tatu,
na aliyeketi kwenye sifuri akabaki ameketi.
Kila kliniki, wiki kumi na tisa.
Adhiya wa Kizingitini. Abubakari wa Siyu.
Abigaeli wa Witu, ambaye mamake, nilikuja kujua,
alidhani simu yake ndiyo mbovu, akauza kuku akanunua nyingine.

Laiti mmoja wao angekosea.
Kila mmoja alisema sawasawa, kwa lugha yake.
Kosa lilikaa kizingitini,
na ilibidi mama atoke Kizingitini kuja kunionyesha.

Kulitengeneza ni herufi mbili: jumlisha, moja.
Siku hizi kila mlango nimeuwekea swali,
wameingia wangapi, wametoka wangapi,
na usiku mwingine naamka mwenyewe saa nane kusikiliza jibu.

Lakini jioni ile sikuiamini mashine.
Nilipiga simu kwa mkono, jina baada ya jina.
Ya Siyu ilipokewa na bibi, hasikii vizuri.
Nilianza na samahani, nikaanza na mfumo, nikaanza na takwimu.
"Wasemaje?" akauliza. "Wasemaje, mwanangu?"

Nikasema: Ndooni naye.